Siku Debe la Meneja Lilipojifungua

Ninyi mnaoanza kazi siku hizi, mkiingia ofisini mnakuta maadili yametundikwa ukutani, ndani ya kioo, na nembo juu. Ni vizuri. Yanasomeka hata kwa mbali. Sisi maadili yetu yalikuwa ndani ya debe, na debe lenyewe lilikuwa na mimba. Nitawaeleza, ila msinikatishe, maana mimi shule niliiacha darasa la nne na sijui kusimulia kwa kunyoosha. Nikipinda, nifuateni hukohuko. Nitarudi.

Jina langu Odilo. Nimepima mahindi ya watu hapa Songea mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto. Fundi cherehani akinishonea koti huniuliza, "Mzee, tufuate bega lipi?"

Kazi nilianzia ushirika, nikiwa kijana mwenye mabega sawa. Aliyenifundisha ni Mzee Wendelin, mtu mfupi, mkavu, wa misa ya kila asubuhi. Yeye alihesabu madebe kwa rozari. Debe moja, punje moja. Wakulima kwenye foleni wakamzoea: akisogeza punje, wao wanaitikia "utuombee." Mgeni akipita nje anavua kofia, anadhani kuna ibada. Na ukimsemesha akapotea, hakuwa mtu wa kukisia. Mahindi yote yanarudi chini, tunaanza upya na Salamu Maria ya kwanza.

Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba debe ni kazi ya watu wawili. Mnunuzi akimimina, muuzaji ashike ubao wa kufutia. Ule ubao unaupitisha juu ya mdomo wa debe, punje zilizozidi zinateremka, na hilo ndilo debe la mfuto, halina kilima wala bonde. Ukimimina, mimina kwa karibu. Ukimwaga kutoka juu, punje zinabanana na debe linameza zaidi. Na mguu wako uutunze. Nimewajua wapimaji waliokuwa na mguu usiotulia. Mwili wote umesimama kama sanamu ya mtakatifu, debe likikaribia kujaa tu mguu unaruka wenyewe, "paa!" kwenye ubavu wa debe, mahindi yanashuka, mkulima anaongeza. Ukimuuliza anasema kaumwa na siafu. Siafu gani wanakuja kila debe?

Lakini msidhani mkulima ni malaika. Kuna mmoja wa Madaba, gunia lake lilikuwa linaongea. Nimeweka sikio nasikia, "Ko, ko, ko."

"Ndugu," nikamwambia, "mahindi yako yana nini?"

"Mbegu mpya hiyo."

Tukafungua. Kuku mtetea, kaatamia katikati ya gunia, anatutazama kwa hasira kama tumeingia chumbani kwake bila hodi. Yule bwana akaapa kwamba hakumweka, kuku aliingia mwenyewe wakati wa kushona. Sawa, kuku ana miguu. Nikazidi kuchimba. Chini ya kuku, jiwe la kusagia.

"Na hili?"

Akajibu bila kupepesa. "Labda lilimfuata kuku."

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, ushirika. Ushirika ukadhoofu, nyote mmesikia. Mahindi yalilala nje yakanyeshewa mpaka yakaota, godauni likawa shamba. Halafu ikaja miaka ya ruksa, kila mwenye lori akawa mnunuzi. Mimi nikaajiriwa na kampuni ya tajiri mmoja wa Dar es Salaam ambaye hatukuwahi kumwona, tulimjua kwa kalenda tu. Ghala letu lilikuwa barabara ya Njombe, upande wa Mshangano. Mizani tulikuwa nayo moja, ikaharibika, ikapelekwa Dar kutengenezwa. Nadhani bado inatengenezwa. Ndiyo maana tulinunua kwa debe.

Meneja wetu aliitwa Bwana Mhema, Mhehe wa Iringa. Na hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Kwa kijana asiyejua: Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana, wakauana, walipochoka wakaona ni nafuu wachekane. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wageni wako, akachukua kofia yako akaondoka nayo, akalala ndani ya kaburi siku ya mazishi ya kwenu akakataa kutoka mpaka apewe chochote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, unatozwa kuku, na aibu inakufuata hadi kwa wajukuu.

Siku meneja alipofika, aliyemlaki mlangoni ni Mama Kreszensia, mkuu wa akina mama waliokuwa wakipepeta mahindi. Mjane, mwili mkubwa, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Kamwene, mtumwa wetu!" akasema kwa salamu ya Kihehe. "Kumbe upo! Babu yangu alikutafuta sana tangu ulipotoroka."

Mhema naye hakuwa mnyonge. "Nimekuja kudai ng'ombe wetu. Babu yako tulimfukuza akajificha kwenye sketi ya bibi yako."

"Bibi yangu hakuvaa sketi."

"Ndiyo maana tulimwona."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Tulipomaliza kujifuta machozi, kofia ya meneja ilikuwa kichwani kwa Mama Kreszensia, na hakuirudisha mpaka Krismasi.

Tulimpenda. Lakini kazi itakwendaje? Mpakizi akichelewa, meneja anafoka, "Ukichelewa tena nakufukuza!" Watu wote wanaangua kicheko, na aliyefokewa anacheka kuliko wote. "Wahehe bwana!" Kesho anachelewa zaidi, ili mtani wake apate nafasi ya kuchekesha tena. Meneja alimfukuza kazi mtu mmoja mara kadhaa. Mtu huyo alistaafu palepale.

Basi Bwana Mhema akabuni njia. Mtunza ghala alikuwa Bwana Kaijage, Mhaya kutoka Bukoba, asiye na utani na Mngoni wala na kiumbe chochote cha huku kwetu. Meneja akitaka kukasirika kwelikweli, anamwita Kaijage pembeni, anamnong'oneza sikioni. Kaijage anatikisa kichwa, anageuka, anakaza uso, anatangaza: "Meneja amekasirika." Kisha anatoa karipio lote, neno kwa neno, huku meneja kasimama nyuma yake anaangalia dari. Hapo hatukucheka. Tukampa jina: mkalimani wa hasira. Alipougua malaria, ghalani hapakuwa na nidhamu mpaka alipopona.

Mnacheka. Lakini kila mahali pa kazi neno zito lina mlango wake. Si lazima uwe mlango wenye kibao. Ukiajiriwa, tafuta mapema ni upi.

Katikati ya hayo tajiri akatuletea mtaalamu kutoka Dar, kijana mpole mwenye tai, atufundishe utamaduni wa kampuni. Sikumdharau. Alitoka jasho kweli kutufundisha, akatubandikia karatasi ukutani: MTEJA NI MFALME. Mkulima mmoja akamwomba amsomee, kisha akauliza, "Mteja ndiye nani, mimi au tajiri?" Kijana akasema, "Kwa maana pana, ni wewe, baba." Mzee akaangalia foleni iliyokuwa juani mpaka barabarani. "Basi wafalme tumezidi." Tukafundishwa pia kila asubuhi, kabla ya kazi, tusimame duara tupige kelele maneno matatu: Uaminifu! Uwajibikaji! Ubora! Tulipiga. Mbuzi wa jirani walihama.

Sasa debe. Lilishushwa siku moja kutoka lori la Dar, limefunikwa gunia kama maiti. Meneja akalifunua mwenyewe, bila kututazama. Mdomo wake ulikuwa mdomo wa debe la kawaida. Kitako, cha kawaida. Katikati, mbavu zote nne zilikuwa zimepigwa kutokea ndani kwa nyundo ya mti, polepole, kwa ufundi, mpaka zimevimba nje. Ukilitazama haraka, tumbo hulioni. Ukilitazama kwa macho ya mwanamke, unaliona.

Mama Kreszensia akalizunguka. Akaweka mkono kiunoni.

"Uwii! Mtoto wa watu huyu, nani kamfanya hivi?"

"Ni debe jipya la kampuni," meneja akasema.

"Naona. Ana miezi saba."

Kuanzia siku hiyo debe likawa mke wa meneja. Asubuhi akina mama wanaliwekea kikombe cha uji. Wakalifunga kanga, maana si vizuri mjamzito kukaa wazi. Mkulima akiingia anaonyeshwa: "Msalimie shemeji yetu, mke wa Mhema." Mkulima anatazama tumbo, anaelewa kila kitu, anasalimia. "Shikamoo mama. Naona tajiri hakufanya ajizi." Wala hakuna aliyelaumiwa. Wala hakuna aliyetamka neno wizi. Ni utani tu.

Na meneja afanye nini? Anajibu. "Anatapika asubuhi, hataki harufu ya Mngoni." Lakini akiniambia, "Odilo, pima kwa hilo," mimi nacheka, nampigapiga mgongoni, "Wahehe bwana!" nachukua debe la zamani naendelea. Siku zikapita hivyo. Vijana, kuna kukataa kwa ngumi na kuna kukataa kwa kucheka. Kwa kucheka unachelewa kufukuzwa.

Kuchelewa tu. Mchana mmoja Kaijage akaja, uso umekazwa.

"Meneja amekasirika. Anasema kuanzia kesho mahindi yote yapimwe kwa debe jipya. Usipotaka, usije."

Hapo sikuwa na wa kumcheka. Kaijage akaulegeza uso, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nami sina raha, Odilo. Nimetumwa."

"Naye?"

"Naye katumwa. Tajiri kamwambia debe lisipofanya kazi, ataleta meneja ambaye halei wajawazito."

Na katika siku zote za Mungu, kesho yake ndiyo siku aliyokuwa anakuja baba mkwe wangu. Kondakta wa basi la Lusewa alikuwa ameniletea salamu: Mzee Xaver anakuja na mahindi yake na ya majirani, anauza kwako, kwa kuwa mkwe wake ndiye mpimaji. Nielezeeni mnaoishi siku hizi na wakwe zenu sebuleni mnaangalia televisheni: mkwe wa zamani mngemwezaje? Mimi kwa mtani naruhusiwa kila kitu. Kwa Mzee Xaver sikuruhusiwa hata kupiga chafya kwa nguvu. Simtazami machoni, sili naye, simtanii, na yeye hanisemeshi ila kwa kupitia mtu.

Nikipima kwa debe lile, nimemwibia baba wa mke wangu kwa mikono hii, mbele ya kijiji chake. Nisipopima, kazi sina, na nyumba yangu ilikuwa na bati upande mmoja tu. Mvua ikinyesha tulihamia upande huo na watoto na mbuzi.

Wakati wa chakula nikakaa na ugali wangu nauangalia. Mama Kreszensia akaniona.

"Odilo, huli."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hujaugusa."

Nikamwambia. Hakunipa pole. Akauliza tu, "Ni yule wa Lusewa mwenye fimbo?"

"Huyohuyo."

Akavuta sahani yangu kwake, akaanza kula. "Basi hilo debe ni la kesho asubuhi," akasema. "Likipita kesho, ni la kupasuliwa."

Asubuhi tukasimama duara kama kawaida. Uaminifu! Uwajibikaji! Tulipofika Ubora, nyuma ya duara mama mmoja akapiga kelele, "Uchungu!"

Akina mama wakaingia mbio. Mmoja ana beseni, mwingine maji ya moto, mwingine kanga mbili. Mama Kreszensia akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa debe, akafumba macho.

"Mtoto kageuka. Wanaume tokeni! Hapa si mahali penu!"

"Jamani," meneja akasema, "hilo ni debe la kampuni."

"Ndiyo, baba. Kampuni ndiyo iliyompa mimba. Wewe kaa pale kwenye gunia, usilie."

Nikamwona meneja anamtafuta Kaijage kwa macho. Kaijage alikuwa uani, ghafla kapata kazi ya kukagua tairi za lori, moja baada ya moja, kwa makini sana.

Wakalibeba debe juujuu, wanavuka nalo barabara, magari yanasimama, kwenda kwa fundi bati aliyekuwa ng'ambo, Mzee Saidi, Myao, mtu wa maneno machache. Hakuuliza. Akachukua nyundo. Kila pigo likishuka, "Ngo!" wanawake wote wanaguna, na Mama Kreszensia anaimba, "Sukuma, mama! Sukuma!" Vioski vyote vikatoa watu. Meneja kakaa kwenye gunia, jasho linamtiririka kama ni kweli.

Na hapo ndipo lori la Lusewa likafika. Mzee Xaver akateremka na fimbo yake. Akasikia kelele za uzazi ng'ambo ya barabara, akavua kofia. Alikuwa mtu wa heshima.

"Poleni," akamwambia meneja. "Nani anajifungua?"

Meneja akainuka kwenye gunia. "Debe, mzee."

Mzee Xaver akafanya ishara ya msalaba. "Mungu amsaidie," akasema, akarudi kusimamia mahindi yake.

Vigelegele. Msafara unarudi. Mbele Mama Kreszensia, kabeba kitu kwenye kanga kwa mikono miwili. Nyuma debe, mbavu zimenyooka. Akakifunua kile kitu mbele ya meneja na ya Lusewa nzima: kopo dogo la maziwa ya unga, limeoshwa, linang'aa.

"Mtoto wa kike! Baba, mpe jina!"

Nilimtazama Bwana Mhema, na ninawaambia, niliona mtu aliye njia panda. Akikasirika, kila mtu atajua anakasirikia nini, na debe litakuwa limepata jina lake la kweli. Akicheka, tumbo limekwisha, na hawezi tena kulirudisha, maana ni nani atampa mimba mzazi wa asubuhi ileile? Na kazi yake ipo hapohapo juu ya jibu. Akalipokea lile kopo, akachungulia ndani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwiteni Mngoni," akasema. "Kazaliwa mdogo, lakini mdomo wazi."

Watu walianguka juu ya magunia. Akina mama wakapewa kuku wao wa ukunga. Nami nikashika debe, moyo mweupe, nikamwita muuzaji wa kwanza, na wa kwanza ni mkwe wangu. Nimemimina debe la kwanza, jirani wa mzee akafuta kwa ubao. Nikamimina la pili. Mkono ukaniambia kitu.

Mzee Saidi alikuwa fundi mwenye bidii. Alipiga mpaka tumbo likarudi, akapiga na kidogo cha ziada, nadhani kwa ajili ya zile nyimbo. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani. Debe limekonda. Sasa lilikuwa linamwibia meneja.

Mama Kreszensia aliona ninavyolishika. Akanikanyaga mguu.

"Odilo. Funga mdomo. Hawa wanunuzi wametunyonya msimu mzima. Leo siku moja tu, acha mzazi apumzike."

Wala hakukosea. Walikuwa wametunyonya. Na aliyekuwa anafaidika na debe lile jembamba ni nani? Baba wa mke wangu. Nani angenilaumu? Tajiri wa kwenye kalenda? Sitawadanganya kwamba niliwaza maadili. Sikuwaza kitu. Mikono tu ilikataa kuendelea, kama punda akifika darajani.

Nikachukua ndoo ya maji na lile debe la zamani. Mzee Wendelin alinionyesha: ukitilia debe shaka, usibishane na mtu, jaza maji kwenye zuri, yahamishie kwenye la shaka. Maji hayana mtani, hayana mkwe. Nikajaza, nikahamisha. Debe lililojifungua likajaa pomoni, na la zamani bado lina maji. Nikayamwaga yaliyobaki chini, watu wote wakayaona yanavyotambaa kwenye vumbi.

Hakuna aliyecheka.

Mzee Xaver akamgeukia jirani yake. "Mwulize huyo mpimaji," akasema, "hilo debe lilikuwa zuri mpaka nilipofika mimi?"

Jirani akanitazama. Mimi natazama viatu vyangu. Ningemjibu nini, na kwa mdomo upi? Mkwe hajibiwi hadharani. Mzee akapiga fimbo chini. Magunia yake yakarudishwa kwenye lori, na ya majirani, na lori likaondoka kwenda kwa mnunuzi mwingine kule Mfaranyaki, vumbi lake likanifunika mimi na debe.

Ndipo nikaona meneja anamwita Kaijage. Anamnong'oneza. Ananong'ona kwa muda. Akina mama wakasogea karibu yangu. Kaijage akageuka, akakaza uso, akaja.

"Meneja amekasirika," akasema. Akakohoa. "Samahani, nimezoea. Meneja anasema asante. Anasema hawezi kukwambia mwenyewe, wewe ni mtani wake, utamcheka."

Nikatazama nyuma yake. Bwana Mhema alikuwa mlangoni mwa ghala, anaangalia dari.

Debe tukalirudisha kwa Mzee Saidi, tukalipima kwa maji mpaka likawa debe. Tajiri alipouliza kwa simu, meneja alimwambia lile alilotuma limeharibikia kwetu, haliwezi tena kazi ile. Sijui alifokewa kiasi gani. Alibaki nasi, nami nikabaki.

Nyumbani sikupokewa hivyo. Mke wangu habari ilimfikia kabla yangu.

"Umemwita baba yangu mwizi."

"Nililisema debe."

"Debe ndilo lililokupa mke kule Lusewa?"

Siku hiyo nikapewa ugali bila likolo, bila hata jani la mboga. Kesho yake likolo bila ugali. Nikavumilia, nikijua kwamba vikikutana kwenye sahani moja, nimesamehewa. Vilichukua muda. Baadaye kondakta akaniambia kwamba kule Mfaranyaki walimpimia mzee kwa debe lenye tumbo la mapacha, na mzee aliliona, akauza hivyohivyo, kwa kuwa alikwisha kusema anauza huko.

Msimu uliofuata lori la Lusewa likasimama mbele ya ghala letu. Mzee Xaver akateremka, hakunisalimia, na mimi sikutarajia. Akachukua gunia tupu, akalikunja, akalitandika kule mwisho wa uwanja, akakaa, uso kwenye milima ya Matogoro, mgongo kwangu. Jirani yake akaanza kuteremsha mahindi.

Na sasa jueni kitu kimoja cha kazi ile. Muuzaji wa mahindi hageuki. Hata padri akiuza mahindi ya misheni, macho yake yamo ndani ya debe mpaka punje zinamrukia usoni. Mzee Xaver aligeuka tangu debe la kwanza mpaka la mwisho. Hakutazama hata mara moja. Sijui kama alikuwa ananidharau au alikuwa ananiamini. Tumemzika nami bado sijui. Mkwe haulizwi.

Nilimimina kwa karibu, polepole, kila debe kama ni yai. Nimewahi kupima mbele ya polisi, mbele ya mapadri, mbele ya wakaguzi wa serikali wenye miwani. Hakuna aliyewahi kuniangalia kama ule mgongo.